Mbio za bure Leeds, baraza za Mombasa

Sisi tuliohama tuna wimbo wetu mmoja: Ulaya hakuna ujirani. Utaishi mlango kwa mlango na mtu miaka na mikaka, usijue hata anaitwa nani. Nimeuimba sana wimbo huo na sijauacha kabisa. Lakini tangu nianze kukimbia, nami nimeshavuka hamsini, naona kuna upande wa pili ambao hatupendi kuusema tukipiga simu nyumbani.

Nakaa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani mwao. Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyenikokota Jumamosi moja hadi Woodhouse Moor, uwanja wa nyasi ulio karibu na chuo kikuu, kwenye mbio wanazoziita parkrun. Kilomita tano, saa tatu asubuhi, hulipi hata senti. Zilianzia Bushy Park, London, tarehe 2 Oktoba 2004, wakimbiaji 13 tu. Mwanzilishi wake, Paul Sinton-Hewitt, amekulia Afrika Kusini. Wakati ule alikuwa ameumia, hawezi kukimbia, akatafuta sababu ya kuendelea kuonana na wenzake kila wiki. Yaani jambo lote hili limeanzishwa na mtu aliyekuwa kando ameshika saa. Mwaka 2007 zikaja hapahapa Leeds.

Kilichoniteka mimi ni mtu wa nyuma. Kila Jumamosi mmoja hujitolea, akavaa kizibao cha rangi kali, kazi yake kutembea nyuma ya watu wote mpaka mwisho, ili asiwepo mgeni wa kushika mkia. Siku za mwanzo nilikuwa naye bega kwa bega. Mzee mstaafu, ananiuliza habari za Mombasa, mimi pumzi sina, simjibu, naye wala hajali, anaendelea kunisimulia viazi alivyopanda. Tukifika mwisho, wale waliomaliza zamani bado wamesimama wanapiga makofi. Unapewa kibao kidogo cha plastiki chenye nambari ya nafasi yako, kinaskaniwa pamoja na karatasi yako yenye mistari ya kukutambulisha, na baadaye matokeo yanaingia kwenye simu: jina lako, kundi lako la umri, muda wako, mle mle alimo kijana aliyemaliza kabla wewe hujafika nusu.

Hawa ndio tunaosema hawana ujirani. Mimi naona wanajua umewaponyoka, wakaamua kuuwekea ratiba: siku fulani, saa fulani, mvua inyeshe isinyeshe.

Sasa njoo kwetu. Safari ya mwisho nilipokuwa nyumbani Kibokoni, Mombasa, nilitoka baada ya swala ya alfajiri, suruali pana, kanzu ya magotini, mtandio na raba. Sijafika mwisho wa kichochoro, dirisha likafunguliwa: "Kwema, mwanangu?" Kwa yule bibi, mwanamke wa umri wangu hakimbii ila kuna msiba au mtoto ameanguka. Barabarani tuktuk ikapunguza mwendo, dereva akatoa kichwa: "Mama, panda, tutaelewana." Niliporudi natiririka jasho, shangazi akanivuta kando na kuninong'oneza, "Daktari amekwambia una sukari?"

Na hapo ndipo penye ugomvi wangu na mji wangu. Mtu mzima kwetu akitaka kufanya mazoezi ni lazima kwanza awe mgonjwa. Kukimbia tumewaachia watu wa Bara, wa Iten na Eldoret. Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, baraza nzima zilishangilia, na hakuna aliyeinuka kwenye baraza. Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika kwetu, uwanja wa gofu, kando ya bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hashindiki katika mbio hizo, akaachia njiani mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akatwaa ubingwa. Mpaka leo kuna wazee watakaokwambia kwa fahari kwamba joto la Mombasa lilimshinda Bekele, utadhani wao ndio waliokimbia.

Joto ni kweli. Saa tatu ya Leeds haifai kwetu, jua limeshakuwa kali na unyevu wa hewa haukuachi. Basi tuanze saa kumi na mbili na nusu. Bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari hapo Mombasa, tangu ikarabatiwe mwaka 2019 ina njia pana ya miguu, upepo wa bahari, na mibuyu. Wakimbiaji wapo pale alfajiri, nimewaona, lakini wengi ni vijana, kila mmoja na vidude vyake masikioni. Zipo pia mbio kubwa za mara moja kwa mwaka, za ada, fulana na hotuba ya mheshimiwa. Sizilaumu, ila rafiki yangu wa Kibokoni hatatoa pesa kwenda kuaibika mbele ya umma. Bure, kila wiki, pamoja na wenzake, na mtu wa kumsubiri nyuma: hivyo atakuja, na buibui lake.

Tena sisi tuna kitu ambacho Leeds hawana. Kule makofi yakishaisha, kila mtu na gari lake. Wachache huenda kunywa kahawa, na kila mtu hujilipia yake. Mama Ngina muuza madafu yupo, anakata juu kwa panga mara tatu na kukupa, na mihogo inatoka kwenye mafuta, inapasuliwa, inapakwa pilipili na ndimu. Mbio zitakwisha kabla ya saa moja na nusu, na mazungumzo yatakwisha adhuhuri. Kwa hilo siwezi kuwasemea Waingereza uongo, hawatuwezi.

Nimempigia dada yangu nikamwambia aanze yeye na jirani wawili watatu, Jumapili, kutoka Laitihausi, hapo Mama Ngina, kuelekea feri ya Likoni na kurudi, anayetaka kutembea atembee. Amekubali kushika saa. Kukimbia, amesema, atatazama kwanza.