Filimbi ya Sanchi

Jumapili iliyopita nilipigiwa filimbi kama mtoto mtundu. Nilikuwa nimeegemea uzio wa mawe unaoizunguka stupa kubwa ya Sanchi, kuba la ibada la Wabudha huko India, si mbali na mji wa Bhopal ninakofanya kazi, mlinzi akanijia mbio akiniashiria niondoe bega langu. Nilikasirika, kwa kuwa nilikwisha kulipa kiingilio cha mgeni, ambacho ni mara nyingi ya kile cha wenyeji. Hasira ilipopoa, nikashikwa na wivu.

Kuba lile la matofali na mawe, lenye kimo cha zaidi ya mita 16, lilianzishwa na mfalme Ashoka katika karne ya 3 kabla ya Kristo, likapanuliwa na waliomfuata, kisha likatiwa malango manne ya mawe yaliyochongwa tembo, miti na watu kwa ustadi unaokufanya usimame mpaka shingo iume. Watawa wa Kibudha waliokaa kilimani hapo waliondoka karne nyingi zilizopita. Mlinzi aliyenifokea alikuwa na alama ya Kihindu kwenye paji la uso. Mwanzoni mwa karne ya 20, aliyegharimia ukarabati na jumba la makumbusho ni Sultan Jahan Begum, mtawala wa Bhopal, mwanamke Mwislamu, ambaye hakungoja masanamu yale yawe ya dini yake ndipo ayatunze.

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Kisiwani, na tangu utotoni nimeyasikia maneno yale yale: magofu ni ya Waarabu, magofu yana majini, hayatuhusu.

Najua mtakavyosema: huyu kakaa ughaibuni miaka minne, keshaanza kutufundisha ustaarabu. Sijasema Wahindi ni malaika. Nguzo ya Ashoka iliyosimama kando ya stupa ile ilivunjwa na kabaila wa hapo aliyetaka vipande vyake kwa kinu cha kukamulia miwa, na mwaka 1822 ofisa wa Kiingereza, Kapteni Johnson, akaipasua stupa yenyewe upande mmoja kutoka juu hadi chini. Ilibidi mwanaakiolojia Mwingereza John Marshall aje kuanzia mwaka 1912 kuyasimamisha tena yaliyoanguka. Mwingine atasema India ina fedha. Sawa, lakini filimbi inauzwa bei gani?

Wala msidhani nimeisahau fahari ya kwetu. Kilwa iliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, miaka minane kabla ya Sanchi, na msafiri mashuhuri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu uzuri wa mji ule. Mwaka 2004 tuliwekwa miongoni mwa maeneo yaliyo hatarini, na mwaka 2014 tukaondolewa baada ya kazi kubwa ya ukarabati, habari ninayowasimulia wenzangu kazini hadi wananikimbia. Ninachobishana nacho ni hilo neno "hayatuhusu", linalotamkwa na watu ambao mababu zao ndio waliochonga mawe ya matumbawe ya msikiti ule mkuu na kusali ndani yake.

Na kwa wanaoniona najikweza: banda la kuku la mjomba wangu limesimama juu ya mawe ya magofu. Nilikuwa darasa la nne, na mawe hayo niliyabeba mwenyewe kichwani.