Twende Tukaone Farasi

Mimi ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga ukimtilia chumvi kwenye chai ujue umemchokoza. Lakini Julai ya 2018 nilikunywa mabakuli saba ya chai ya chumvi jioni moja, bila kununa, na mkasa wote ulianzia hapo.

Nilikuwa nasoma Beijing. Darasani tulikuwa na binti wa Kimongolia, na lugha iliyotuunganisha ilikuwa Kichina: chake cha kuungaunga, changu cha kuombea maji. Akanikaribisha likizo nikawaone babu na bibi yake, wafugaji wa kuhamahama huko Dundgovi, ukingoni mwa jangwa la Gobi. Nani akatae?

Treni ilijaribu kunionya. Mpakani, Erlian, mabehewa hunyanyuliwa juu yakabadilishwa magurudumu, kwa sababu reli ya China ina upana wa milimita 1,435 na ya Mongolia 1,520. Kazi yenyewe ni ya saa kadhaa, na muda wote huo vyoo vya treni vimepigwa kufuli. Nilitoka pale nimekunja miguu, nikajiambia basi, shida ya haja katika safari hii imeisha.

Kutoka Ulaanbaatar tulipanda kigari cha Kirusi kilichofanana na mkate wa boflo, tukashika njia ya kusini. Baada ya mji wa Mandalgovi tukaiacha lami, na dereva akawa anaendesha kwa kufuata milima ya mbali na imani yake. Hakuna mti. Hakuna kichaka. Uwanda umelala kama ua uliofagiwa asubuhi, ukisimamisha kuku kilomita tatu utamwona. Niliusifia sana ule uwazi. Kuna mambo mtu husifia kwa kutojua.

Kufika, binti akapaza sauti: “Nokhoi khor!” Nikauliza ndiyo hodi yao? Akasema maana yake shikeni mbwa. Mbwa mwenyewe nikamwona, mkubwa kama ndama. Nikakubali kwamba hodi yetu ingekuwa ni upuuzi mahali pale.

Nyumba yao ni ger, hema la duara lililovikwa manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa, mlango mfupi umeelekea kusini, katikati jiko la bati linalokula kinyesi kikavu cha mifugo. Nikapewa masharti mlangoni: usikanyage kizingiti, usipite kati ya zile nguzo mbili za katikati zinazoshikilia paa, ukipewa kitu pokea kwa mkono wa kulia. Hilo la mwisho nikalipokea kwa furaha, nikaona hapa nimefika kwa watu.

Babu akaniletea bakuli la airag, maziwa ya farasi yaliyochachushwa ndani ya kiriba cha ngozi. Yana kilevi. Nikagusa kwa midomo tu, nikarudisha kwa heshima, binti akaeleza kwamba huyu mgeni hanywi vya kulevya. Bibi akanionea huruma. Kijana wa watu katoka mbali, atalala na kiu? Ndipo akaanza kunifidia kwa chai: majani, maziwa, maji, chumvi. Mimi nimelelewa kwamba chai ya mwenyeji haibaki kikombeni. Bibi naye, inaonekana, kalelewa kwamba bakuli la mgeni halikai tupu. Malezi mawili mazuri yakakutana tumboni mwangu.

Kwenye bakuli la tano nikaanza kutazama huku na huku. Choo sikukiona wakati tunafika. Neno la choo kwa Kichina nalijua, ni la siku ya kwanza darasani, lakini utalitoaje mdomoni mbele ya binti wa watu na wazee wake, wakati Bibi kashika birika? Kuomba maji nilijua. Kuyaaga lilikuwa somo jingine.

Kwenye la sita Babu akasimama, akavaa kofia, akasema neno. Binti akatafsiri: “Babu anauliza, unataka kwenda kuona farasi?”

Usiku ule! Na mimi hata kucheka siwezi kwa kuogopa mtikisiko. Nikasema: “Mwambie Babu ahsante sana, nitawaona kesho kukiwa na mwanga.”

Babu akanitazama kwa namna mtu anavyotazama shujaa. Akatoka. Baada ya kitambo akarudi, uso umekunjuka. Kwa adabu nikauliza: “Hawajambo farasi?” Binti akatafsiri. Babu akafikiri kidogo, akajibu kwamba hawajambo, wazima kabisa.

Halafu mjomba wake akatoka kwenda kuona farasi. Halafu dereva, ambaye si wa familia ile wala hana farasi hata mmoja. Nikasema moyoni, hawa watu wanapenda mifugo! Kila anayerudi ananiuliza kama sitaki, nami nashika msimamo: kesho. Bibi akaleta bakuli la saba.

Usiku wa manane nilinyata hadi mlangoni, nikafungua upenyo. Mbwa akanguruma mara moja tu, kwa sauti ya chini. Nikafunga. Sitaeleza nililalaje.

Alfajiri nikasikia Babu anavaa viatu. Akanyoosha mkono nje, akasema neno lile lile, nami kwa sasa nilishalitambua. Nikaruka! Hesabu yangu ilikuwa hivi: nitamfuata, mbwa hatanigusa nikiwa na mwenyewe, nitapiga picha mbili za farasi, kisha nitajichelewesha nyuma na kutafuta kisiri changu.

Babu akatembea. Nami nikatembea, simu mkononi. Akageuka, akaniona, akanipungia mkono. Nikampungia. Akakata kulia, nikakata kulia. Akaongeza mwendo, na mzee yule miguu yake ya tao, ya mtu aliyekulia juu ya farasi, ilikuwa na kasi, lakini mimi nilikuwa na sababu zangu. Hatimaye akasimama, akanipa mgongo. Nikaenda nikasimama ubavuni pake, nikaielekeza simu kwenye upeo wa macho. Patupu.

“Farasi wako wapi?” Kichina hajui. Nikamwigizia: nikashika hatamu za hewani, nikarukaruka kidogo, kwa uangalifu.

Babu akanitazama mimi. Akaitazama simu. Akashusha pumzi ya mtu aliyeona mengi lakini si hili, akalikunjua lile joho lao refu, deel, akachuchumaa humo ndani kama mtu aliyejijengea hema.

Nikaelewa. Na mabakuli saba nayo yakaelewa, yote kwa pamoja. Mimi nimevaa suruali ya jinzi na fulana, uwanda mtupu pande zote, na kanzu yangu, ambayo ingenisitiri vizuri kabisa, nimeiacha inaning'inia bwenini Beijing. Nikakimbia upande wa pili. Tukawaona farasi, kila mtu wa kwake.

Nilipoingia hemani habari ilishanitangulia. Babu alikuwa anawaigizia jinsi nilivyorukaruka. Binti, machozi yanamtoka kwa kicheko, akanieleza kwamba ndivyo mtu muungwana anavyoaga kwao akibanwa. Nikamwambia kwetu tunasema msalani, na mifugo hatuihusishi.

Asubuhi hiyo nikafunika bakuli kwa kiganja, Bibi akaelewa. Gari limeshawashwa kutupeleka kusini, binti akanijia: “Bibi anasema, kabla hatujaondoka, twende tukaone farasi.”

Safari hii sikuwa mjinga. “Mwambie Bibi ahsante, mimi nimeshatoka.”

Wakatoka wote. Bibi, mjomba, watoto, dereva, mpaka na ndoo. Nikashangaa, haya mambo yanafanywa kwa ukoo mzima? Kwa stara nikaugeuzia mlango mgongo, nikakaa nalinda jiko. Wakarudi baadaye na ndoo ina maziwa ya moto yenye povu. Walikuwa wanakamua. Watoto wa farasi hufungwa kwenye kamba ndefu chini, kila mmoja huachiwa anyonye kidogo, kisha huvutwa pembeni ili mama yake akamuliwe. Binti alinionyesha yote hayo kwenye simu yake tukiwa garini.

Kwenye yangu kulikuwa na picha moja tu ya asubuhi ile: uwanda mtupu, na pembeni ncha ya joho la Babu.