Aliniandikia Akiwa na Miaka 60

Sisi tuliosoma shule ya msingi miaka ya tisini tulifundishwa barua ya kirafiki: anuani juu kulia, tarehe chini yake, kisha salamu. Na salamu ilikuwa na maneno yake: "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Niliyaandika mara nyingi kwa shangazi na kwa marafiki bila kuyatafakari. Mwezi uliopita niliyaandika tena kwenye karatasi ya kaunta buku, na safari hii mkono ulisita. Aliyekuwa anaandika ni mimi wa mwaka 2049, mwenye miaka 60. Anayeandikiwa ni mimi huyu wa miaka 36. Nilihangaika aniite nani, nikaona "mdogo wangu" ndiyo inayokaa.

Wengi wanalijua zoezi hili kwa upande mmoja tu, yaani kujiandikia leo barua ya kusomwa baadaye. Wakati wa maonyesho ya kimataifa ya Tsukuba, Japani, mwaka 1985, watu walikabidhi posta barua zao, zikaja kufikishwa mwaka 2001. Ni jambo zuri, lakini mimi nashikilia kwamba faida kubwa iko katika kuligeuza: mtu wa kesho ndiye ashike kalamu. Watafiti Yuta Chishima na Anne Wilson walilijaribu kwa wanafunzi wa sekondari huko Japani. Walioandika barua kisha wakajijibu kwa niaba ya nafsi zao za baadaye walijiona wako karibu zaidi na watu watakaokuja kuwa kuliko wale walioandika tu wakaishia hapo.

Naamini siri iko kwenye vitenzi. Mipango yetu yote tunaiandika kwa "nita": nitaweka akiba, nitaenda hospitali, nitamalizia nyumba. "Nita" ni rahisi, unaweza kuirudia kila Januari. Mtu wa 2049 hana hiyo "nita" juu ya mwaka huu. Ana "ulifanya" na "hukufanya" basi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaofundisha watu kuandika "una ghorofa, una magari matatu". Hakuna mzee anayeongea hivyo. Wazee ninaokaa nao barazani wanataja kiwanja kilichouzwa kwa haraka, mdogo wao waliyegombana naye akafa kabla hawajapatana, goti. Mwache mzee wako aseme kama mzee.

Wangu alianza na jino. "Lile la chini kushoto ulilokuwa unalituliza kwa karafuu, ungekwenda nalo mapema." Kisha akanishukuru, na hilo sikulitegemea hata kidogo: kwa kukataa mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, mwaka 2022, nilipokosa mchango wa harusi ya ndugu yangu. Mwaka ule niliona aibu hadi nikakaa nyuma kabisa ukumbini. Yeye ananiambia nilifanya vema, na kwamba aibu ile haikumaliza hata mwaka. Nililia kidogo hapo.

Halafu nikataka anipe habari za mama.

Niliandika "Mama ana". Nikasimama. Mama ana miaka 62 leo; mwaka 2049 atakuwa na 86. Nikakata, nikaandika "Mama ali". Nikakata tena. Nikaweka kalamu chini, nikatoka kuanua nguo ambazo hata hazijakauka. Niliporudi sikuchagua kitenzi, niliruka mstari nikaandika: "Ile Jumapili alipokupigia ukamwambia utampigia baadaye, alitaka kukuambia nini?"

Ukitaka kujaribu, ushauri wangu ni mmoja. Kabla hujaandika salamu, chagua mwaka, kisha hesabu umri wa kila mtu wako katika mwaka huo: mama, baba, mwenza, mtoto, rafiki wa tangu shule. Andika namba hizo pembeni ya karatasi. Barua itajua yenyewe pa kwenda. Na uandike kwa mkono, maana kwenye simu ningefuta yale maneno mawili yasibaki hata alama.

Jumapili iliyofuata nilimuuliza mama. Alifikiri kidogo, akasema, "Wala sikumbuki mwanangu, labda ilikuwa habari ya yule mbuzi wa jirani aliyemaliza mchicha wangu." Akaanza kunisimulia habari za mbuzi, kisha za jirani, kisha za mama yake jirani. Tuliongea dakika arobaini.

Barua iko ndani ya sanduku la vyeti. Sentensi ya mama bado imekatwa mara mbili, nimeiacha hivyo.