Ruzuku Hujenga Gati, Vipuri Atanunua Nani?

Mfanyabiashara mmoja wa Kingazija, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinunua vitunguu, viazi na saruji hapa Dar es Salaam na kuvisafirisha kwenda Moroni, mji mkuu wa Komoro, aliniwekea mezani kipande cha saruji kilichoganda. Kilikuwa na umbo la kona ya mfuko, na alama za nyuzi za mfuko wenyewe zilionekana juu yake kama mistari ya kiganja. Alikuwa amekileta ili akabishane na wakala wake wa forodha kuhusu fidia, akaniomba nimsaidie kuandika barua. "Mzigo wangu hupakuliwa mara mbili," alinieleza, "na kila ukipakuliwa hupungua."

Hakuwa akitia chumvi. Bandari ya Moroni ina kina kifupi, kwa hiyo meli kubwa hutia nanga nje na shehena huteremshwa kwenye matishari yanayoipeleka gatini. Bahari ikichafuka, kazi husimama. Ikiwa nusu shwari, kazi huendelea na saruji huloa. Gharama ya upakuaji huo wa mara mbili haibebwi na mwenye meli wala na wakala, bali huishia kwenye bei ya kilo ya vitunguu sokoni.

Nimelikumbuka kona lile la saruji kila niliposoma hoja, ambayo baadhi ya wenzangu hapa mjini huitoa kwa kujiamini sana, kwamba mataifa madogo ya visiwa yanadekezwa na benki za maendeleo kwa kupewa ruzuku wakati sisi tunakopeshwa. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 345 za Marekani kwa ajili ya kuboresha bandari ya Dar es Salaam, yaani kuongeza kina na kuimarisha gati namba moja hadi namba saba. Mwaka huohuo Benki ya Maendeleo ya Asia iliidhinisha ruzuku ya zaidi ya dola milioni 21 kwa bandari ya Nauru, kisiwa chenye ukubwa wa kilomita za mraba 21, ambako nako meli zilikuwa zikipakuliwa kwa matishari. Anayeziangalia hesabu hizi mbili kwa haraka ataona upendeleo.

Mimi sioni upendeleo. Bandari yetu huhudumia mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Malawi na Uganda, na kila kontena linalopita hulipa ada, kwa hiyo mkopo una mahali pa kujilipia. Nauru ina watu wapatao elfu kumi na mbili, na hakuna nchi nyuma yake inayosubiri mzigo upite. Ukuta wa kuzuia mawimbi hautoi punguzo kwa sababu wanaoishi nyuma yake ni wachache, na meli ya kuchimba kina hutoza gharama ya kusafiri kutoka mbali hata kama inakwenda kufanya kazi ya wiki chache. Gharama ambayo sisi tunaigawa kwa mamilioni ya watu, wao wanaigawa kwa idadi inayoweza kuenea katika uwanja wa Uhuru na viti vikabaki.

Benki zenyewe zimelijua hilo kwa muda mrefu. IDA, mfuko wa Benki ya Dunia kwa ajili ya nchi maskini, umekuwa na kanuni ya pekee kwa visiwa vidogo tangu 1985, inayoviruhusu kupata fedha zake hata pale wastani wa pato la mtu unapovuka kiwango kilichowekwa. Kinachoamua kama nchi itapewa ruzuku au mkopo ni hatari yake ya kushindwa kulipa madeni, kwa utaratibu ambao watumishi wa benki huuita taa za barabarani: penye taa nyekundu hutolewa ruzuku tupu, penye kijani hutolewa mkopo. Komoro imo kwenye nyekundu. Utaratibu huu una mantiki, ingawa una kichekesho chake, kwa kuwa serikali iliyojibana isikope hovyo huweza kujikuta ikipewa masharti magumu kuliko jirani yake aliyekopa bila kujali. Shelisheli nayo, ambayo watu wake ni wapatao laki moja na ambayo tangu 2015 imehesabiwa miongoni mwa nchi zenye kipato cha juu, haimo katika foleni hiyo, kana kwamba kimbunga husoma kwanza takwimu za pato kabla ya kupiga. Dominika, kisiwa kidogo cha Karibiani, ilipopigwa na kimbunga Maria mwaka 2017, hasara ilikadiriwa kuwa zaidi ya mara mbili ya pato lake lote la mwaka. Hakuna ratiba ya marejesho ya mkopo inayostahimili jambo kama hilo.

Kwa hiyo sigombani na ruzuku. Ugomvi wangu ni na tabia ya ruzuku kuishia siku ya kukata utepe.

Sisi tuna mfano wa karibu, ijapokuwa Zanzibar si taifa la peke yake na mtoaji hakuwa benki. Mwezi Mei 2008 umeme wa Unguja ulikatika kwa takriban mwezi mzima, kisha ukakatika tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kebo iliyokuwa ikileta umeme kutoka bara, ambayo ilikuwa imekaa chini ya bahari kwa takriban miaka thelathini, ilikuwa imechoka. Mama yangu mdogo aliyekuwa akiishi Mwanakwerekwe hakulalamikia giza hata kidogo. Alilalamikia maji, kwa maana pampu zilisimama pamoja na taa, na kila niliposhuka boti nikimpelekea mishumaa aliniuliza kwanza kama nimeleta madumu. Kebo mpya ya megawati 100, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, ilianza kazi mwaka 2013 kwa ruzuku ya Marekani, sehemu ya mkataba wa dola milioni 698 uliotiwa saini hapahapa Dar es Salaam mwaka 2008. Ilikuwa kazi njema, na nawashukuru walioigharamia. Lakini kebo ya kwanza nayo ilikuwa mpya siku moja, na umri wake wa kuchoka ulijulikana tangu ilipolazwa. Kilichokosekana ni fedha zilizotengwa mapema kwa ajili ya siku hiyo. Tena, awamu ya pili ya fedha hizo za Marekani ilisitishwa Machi 2016 kufuatia uchaguzi wa marudio wa Zanzibar, jambo linaloonyesha kwamba kuutegemea mfuko wa mtu mwingine kwa ukarabati ni kutegemea pia maoni yake kuhusu siasa zako.

Benki nyingi za maendeleo huhesabu matengenezo kuwa wajibu wa bajeti ya serikali husika. Kwenye karatasi hilo linapendeza. Serikali ya visiwa vitatu kama Komoro inayotakiwa kulipa walimu mwisho wa mwezi haitanunua mpira wa kuzuia meli isigonge gati, na mhandisi wa bandari anayeomba fedha za vipuri atasubiri mpaka kreni isimame, ndipo andiko la mradi mpya wa ukarabati liandikwe, mhandisi mshauri aajiriwe na zabuni itangazwe upya.

Ningependa kila ruzuku ya aina hii ije na sehemu iliyowekwa pembeni, isiyoguswa, ambayo faida yake tu ndiyo itumike kwa matengenezo. Si wazo la ajabu. Tuvalu, taifa la visiwa vya Pasifiki, ina mfuko wa dhamana tangu 1987, uliochangiwa na Australia, New Zealand, Uingereza na Tuvalu yenyewe, na faida yake imekuwa ikisaidia bajeti ya nchi yenye watu wapatao elfu kumi na moja. Najua jibu litakalokuja, kwamba mifuko huliwa, na Nauru ndiyo ushahidi, kwa kuwa utajiri wake wa fosfeti uliowekwa akiba ulitapanywa hadi karibu kwisha. Ni kweli. Hata hivyo Nauru hiyohiyo ilianzisha mfuko mwingine mwaka 2015, safari hii wachangiaji wa nje wakiwa na kiti katika kamati inayousimamia. Gati lisilo na mfuko halihitaji hata mwizi ili liharibike, kwa sababu chumvi inatosha.

Barua ya fidia tuliiandika, na haikuzaa kitu, kwa kuwa wakala alijibu kwamba dhamana yake ilikoma pale meli ilipotia nanga. Mngazija yule alikichukua kipande chake cha saruji akaondoka nacho. Nilimwambia kwamba siku Moroni itakapopata gati lenye kina, huenda kwa ruzuku, mzigo wake utapakuliwa mara moja tu. Akaniuliza kama hiyo ruzuku itakuwa na kreni, na kreni ikifa, fundi atatoka wapi.