Kabla ya Kucha na Wigi, Weka Kodi ya Nyumba

Hakuna wiki inayopita bila dada mmoja kuuliza anahitaji pesa ngapi ili aanze kuwapa watu kampani kwa malipo, yaani kazi ya ngono, hapa Nairobi, akijitegemea, bila bosi wa kumkata asilimia. Majibu huwa ni yale yale: wigi, kucha, nguo mbili za maana, mpiga picha, dipoziti ya rumu Kilimani. Urembo siupingi. Ninachopinga ni kuutanguliza. Pesa ya kwanza kwenye kazi hii ni kodi na chakula cha miezi miwili, iwekwe mahali isipoguswa, kabla hujapokea simu ya mteja hata mmoja.

Mteja hatari mara nyingi hujionyesha mapema. Anaficha jina, anabadilisha mahali pa kukutana dakika ya mwisho, anabishana kuhusu kondomu simu ikiwa bado sikioni, na ukisita anapandisha bei maradufu. Aliyelipa kodi atamwambia "pole, haitawezekana" na kukata simu. Ambaye mwenye nyumba ameshamfungia mlango kwa kufuli ataenda. Wote wawili wanajua dalili, maana hizi dalili tunafundishana kila siku. Kwa hiyo kama huna akiba kabisa, mimi nitakwambia usianze mwezi huu, hata ukiniona sina huruma. Najua njaa haingoji. Lakini bei iliyopandishwa ghafla inatafuta mtu mwenye njaa hasa.

Baada ya akiba, simu ya pili na laini yake. Si anasa. Mtu akikutumia pesa kwa M-Pesa, jina ulilosajilia laini linamtokea kwenye skrini, na kwa jina hilo atakupata Facebook, atawapata ndugu zako, atajua ulisoma wapi. Ndiyo maana wengine huchukua namba ya Lipa na M-Pesa, inayoonyesha jina la biashara, na wengine hupokea taslimu tu. Ujumbe wa malipo nao usiuamini kwa macho. Ujumbe bandia huandikwa vizuri kuliko ule halisi. Angalia salio lako mwenyewe. Na kumbuka aliyetuma anaweza kuusambaza ujumbe wake kwenda 456 akidai alikosea namba, kwa hiyo pesa ikiingia, ihamishe. Picha za kazi zisiwe zile zilizo kwenye ukurasa wako wa kawaida, wala zisionyeshe dirisha ambalo jirani yako angelitambua.

Kwa afya, usimlipe mtu. Kondomu na PrEP, dawa ya kujikinga na VVU kabla ya hatari, hutolewa bure kwenye vituo vya serikali, na mashirika kama BHESP, lililoanzishwa na kina dada wa baa wenyewe, hayatakuuliza maswali ya kukuaibisha. Mafuta ya kujipaka hupasua kondomu ya mpira. Tumia kilainishi cha maji. Kondomu ikipasuka au ukilazimishwa, PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya hatari, huanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Nenda hospitali kwanza, hiyo fomu ya polisi ya P3, inayojazwa na daktari kueleza majeraha, itafuata. Namba 1195, ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, hupigwa bure, saa yoyote.

Sasa rumu. Januari 2024 wanawake waliuawa kwenye nyumba za kukodi za siku chache, na tarehe 27 maelfu wakaingia barabarani Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Mitandaoni kuna waliowauliza marehemu walikuwa wakitafuta nini huko. Mimi niliuliza mlangoni kulikuwa na nani. Hoteli yenye mapokezi na mlinzi aliye macho usiku inagharimu zaidi ya nyumba ambayo ufunguo unaachwa kwenye kisanduku, na hiyo tofauti ya bei mpigie mteja hesabu tangu mwanzo. Mkutane kwanza mahali penye watu. Kinywaji kifunguliwe ukiona, usije ukatiliwa mchele, yaani dawa ya kulevya.

Halafu rafiki mmoja awe na namba ya mteja, jina la hoteli, namba ya chumba na saa ya kumaliza. Mkikubaliana saa nne na hujapiga, apige yeye. Usiposhika, apige mapokezi. Muwe na neno moja la kawaida, tuseme "umelipa stima?", ambalo kati yenu wawili maana yake ni njoo na mtu.

Huyo rafiki ndiye kinga yako kubwa, na sheria yetu ndiyo inayomtisha. Vifungu 153 na 154 vya Kanuni ya Adhabu vinawalenga wanaoishi kwa mapato ya ukahaba, na cha 156 kinalenga nyumba inayotumika kwa kazi hiyo. Dada wawili wakikodi nyumba moja ili walindane, nyumba yenyewe inaweza kuwa kesi. New Zealand waliliamua jambo hili mwaka 2003: watu hadi wanne hufanya kazi pamoja bila kuhitaji cheti cha uendeshaji, mradi kila mmoja ashike pesa zake. Sheria hiyo hiyo inampa kila mmoja haki ya kukataa hata baada ya kukubaliana. Sisi huwa tunataka wanawake wasikutane na wageni peke yao, na wakati huo huo tunamfungulia mashtaka anayewasindikiza.