Saa za ukumbini hazitoshi kumpima mhasibu

Mhasibu aliyefuzu Uganda mwaka 2015 alifundishwa kwamba kodi ya pango la ofisi ni gharama ya mwaka, basi. Tangu Januari 2019, kampuni inayofuata viwango kamili vya IFRS, yaani viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, inaandika pango la miaka 5 kwa namna nyingine kabisa: haki ya kulitumia jengo inaingia kwenye mali, na kodi ya pango ya miaka iliyobaki inaingia kwenye madeni. Mwaka 2021 EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, URA, ukawa wa lazima. Aliyebaki na daftari zake za chuo angemponza mteja. Kwa hiyo sipingi hata kidogo ICPAU, taasisi ya wahasibu wa Uganda, kuwataka wanachama wake waendelee kujifunza. Ninachopinga ni namna ya kuhesabu.

Kipimo kilichozoeleka kwa wahasibu duniani ni saa 120 za mafunzo kwa kila miaka 3. Wanaokitetea wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Saa zina ushahidi: karatasi ya mahudhurio, cheti, tarehe. Ukimwachia kila mtu aeleze mwenyewe alichojifunza, watakaofaulu ni mafundi wa kuandika maelezo. Na mwenye ofisi yake binafsi, asiye na bosi wa kumsukuma, huenda asingefungua hata kiwango kimoja kipya kama leseni isingekuwa hatarini.

Lakini karatasi ya mahudhurio inathibitisha tu kwamba mtu alifika. Asubuhi foleni ya kusaini huwa ndefu. Ikifika saa 8 mchana viti vya nyuma vimebaki vitupu, wenyewe wako nje wanapokea simu za wateja. Mtandaoni kamera imezimwa na mtu anajaza ritani ya kodi. Hao wote wanahesabiwa saa zilezile na aliyekaa akauliza maswali mpaka mwisho, na hilo linamvunja moyo mwenye bidii.

Gharama nayo haiwaangukii wote sawasawa. Aliyeajiriwa benki Kampala hulipiwa na mwajiri. Mwenye ofisi ndogo Arua, karibu kilomita 500 kutoka huko, anajilipia ada, nauli na malazi, na siku hizo ofisi imefungwa. Semina za mtandaoni zimempunguzia mzigo, ingawa bando ni lake na mtandao unakatika. Huyu ndiye ninayemfikiria zaidi, maana wateja wake hawana mwingine wa karibu wa kumuuliza.

IES 7, kiwango cha kimataifa cha mafunzo haya kilichorekebishwa na kuanza kutumika 2020, kinaruhusu kupima matokeo, au kuchanganya matokeo na saa. Basi sehemu ya saa ithibitishwe kwa kazi: mhasibu awasilishe hesabu ya pango aliyoifanya, jina la mteja likiwa limefutwa, isomwe na mwanachama wa wilaya nyingine aliyepatikana kwa kura ili marafiki wasipitishane. Wasomaji watahitaji muda na malipo, na mabishano hayatakosekana. Ndiyo maana ningeanza na wachache, wale wanaosaini ripoti za ukaguzi, na mada ya kwanza ingekuwa IFRS 18, kiwango kipya kinachoanza kutumika Januari 2027 na kubadili mpangilio wa taarifa ya faida na hasara.