Thomu Haistahili Kufichwa

Katika miaka yangu ya mwanzo California, kila nilipotaka kupika mchuzi nilianza kwa kufunga milango ya vyumba, kuyaondoa makoti ukumbini na kufungua madirisha yote, hata wakati wa baridi, kwa sababu mwenzangu mmoja kazini aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba nguo zangu zanuka vitunguu saumu, ambavyo kwetu huitwa thomu. Sidhani alikusudia kuniumiza, lakini maneno yale yalinikaa moyoni. Mimi nimezaliwa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye nyumba ambamo asubuhi ya Ijumaa husikika mchi ukipiga kinu kabla ya kusikika sauti ya mtu.

Mama hutangulia kutia chumvi kidogo kinuni ili punje za thomu zisiruke, kisha hutwanga polepole, akizungusha mchi, mpaka zitoke ute unaonata, na hapo ndipo tangawizi hufuata. Ute huo ndio unaoingia katika pilau, biriani, mishkaki na samaki wa kupaka, wala hakuna anayeutaja mezani. Kwetu thomu hutajwa siku iliyosahauliwa.

Basi wenzangu waliponialika kwenda kula katika mkahawa unaopika thomu karibu katika kila sahani, nilistaajabu. Mkahawa huo ni The Stinking Rose, jina lenye maana ya waridi linalonuka, nao umekuwapo katika mtaa wa North Beach, mjini San Francisco, tangu mwaka 1991. Wenyewe hujinadi kwamba wao huikoleza thomu kwa chakula. Yule aliyenisema nguo alikuwa ameketi mkabala nami, akichagua chakula kwa furaha.

Kilichonishika zaidi kilikuja mwanzo kabisa: kikaango kidogo cha chuma kilichojaa punje nzima, zilizoiva taratibu ndani ya mafuta na siagi hadi zikawa na rangi ya asali. Niliibonyeza moja kwa kisu juu ya mkate, ikalainika kama tende mbivu, na nilipoionja nilikuta utamu, wala ule ukali unaochoma ulimi haukuwapo. Baadaye nilielewa sababu. Ukali wa thomu haumo ndani ya punje tangu awali, bali huzaliwa pale punje inapokatwa au kutwangwa na kimeng'enya chake kikakutana na kemikali iliyokuwa imetengana nacho; punje ikipikwa nzima, moto hukiharibu kimeng'enya hicho kabla ya kufanya kazi yake. Mama, kwa hiyo, hutwanga akitafuta nguvu, na wapishi wale huoka wakitafuta utamu. Kuku wa punje 40 pia alikuwa mzuri. Aisikrimu ya thomu niliionja mara moja, ikanitosha.

Sikuona kwamba wametushinda kwa mapishi. Walichotuzidi ni kuitaja na kuitukuza. Mji wa Gilroy, ulio yapata kilomita 130 kusini mwa San Francisco, ulianza tamasha lake la thomu mwaka 1979, na mpaka leo watu wa huko huijua thomu kwa mji wake kama sisi tunavyoijua karafuu kwa Unguja na Pemba. Nikiwa katika masoko yetu ya Mombasa, Marikiti au Kongowea, naona vichwa vyeupe vilivyotoka Uchina, nchi inayozalisha zaidi ya theluthi mbili ya thomu ya dunia, lakini sijawahi kuona mkahawa wetu ukimwambia mlaji thomu yake imetoka shamba gani.

Atakayenijibu kwamba harufu ni kero, nakubaliana naye kwa kiasi. Dini imetufundisha kwamba aliyekula thomu mbichi asiukaribie msikiti, na hiyo ni adabu njema kwa wenzetu tunaosimama nao safuni. Lakini adabu si aibu. Likizo iliyopita niliagiza samaki wa kupaka katika hoteli moja ya ufukweni, akaletwa akiwa na nazi na ndimu tu, mchuzi umepooza. Nilipouliza, mhudumu alinijibu kwa upole, "Dada, wageni hawaipendi harufu ya thomu." Nilihuzunika sana, kwani wageni haohao, nimewaona kwa macho yangu, huko kwao hulipa fedha nyingi kuila. Natamani mkahawa mmoja tu wa Mji wa Kale uandike mlangoni kwamba hapa panapikwa kwa thomu, na umweleze mgeni jinsi inavyotwangwa.

Jioni moja kabla ya kurudi nilivipaka mafuta vichwa vitatu vizima, nikavifukia pembeni mwa makaa ya jiko la Mama. Alinitazama bila kusema neno. Vilipoiva nilimkamulia punje moja juu ya kipande cha mkate wa mofa, akatafuna akiwa amefumba macho.

"Tamu, mwanangu," alisema, "lakini hii haipiki pilau." Kisha akausogeza mkono wake kwenye kichwa cha pili.